Chungu cha Chapuchapu

Mdogo wangu anaitwa Chapuchapu, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Tulipokuwa wadogo, zamu yake ya kuosha vyombo ikifika, alisugua sahani upande mmoja tu, ule unaoonekana, kisha akazipanga kabatini moja juu ya nyingine, chafu ikilalia safi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa wakati wa chakula. Mpaka leo nikikumbuka kidole changu kilivyokuwa kinateleza kwenye mafuta yaliyoganda chini ya sahani, mwili unanisisimka. Mama alicheka tu. Chapuchapu ni kitinda mimba wake, na kitinda mimba hata akikanyaga uchafu, mamaye atakuambia kosa ni la kiatu.

Mimi nafanya kazi kwa dobi. Nafua mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya wauguzi, mashati ya watu nisiowajua na ambao sitaki kuwajua, maana nimeshazinusa kola zao na inatosha. Kazi hii imenipa pua, na imenipa chuki moja kubwa: uchafu uliofunikwa. Uchafu wa wazi hauna neno, unaloweka, unafua, unaanika, mambo yamekwisha. Lakini mtu anayeleta shati lililopuliziwa marashi juu ya jasho la wiki nzima, huyo namwona kama mwizi.

Chapuchapu yeye yuko kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme. Hauzi hasa, anaonyesha. Anavaa aproni nyeupe na kofia ndefu ya mpishi, anasimama nyuma ya meza karibu na mlango, na anapika mayai na viazi kwa kubonyeza simu. Simu ina programu ya mapishi, programu inaongea na chungu cha umeme, na chungu chenyewe kinajua lini kiongeze moto, lini kipunguze, lini kijizime. Wateja wanaonjeshwa kwa vijiti vya meno. Kinachobaki anakila yeye, na tangu aanze kazi hiyo mashavu yamemjaa kama mtoto anayepuliza puto.

Sina ugomvi na chungu. Hata kazini kwetu tuna mashine zinazojipimia maji na sabuni, nami nazishukuru kwa niaba ya mgongo wangu. Mtu akipumzishwa kusimama jikoni na umeme ukapungua, heri. Ugomvi wangu ni na mdogo wangu, aliyedhani kwamba chungu kikipika peke yake, basi na kumtunza mama kutajifanya peke yake.

Alikileta chungu cha namna hiyo nyumbani kwake wakati bado ana mke. Wifi yangu alikivumilia kwa muda, halafu akafunga mizigo. Alinieleza pale mlangoni kwangu, begi kichwani, kwamba angeweza kuishi na mume mvivu, hilo ni la kawaida, lakini amechoka kuambiwa na simu kuwa amechelewa kugeuza vitunguu. Nilimcheka siku hiyo. Nilidhani ana visirani.

Baadaye magoti ya mama yakakataa. Chumba changu kiko juu ya duka la dobi, na kinapandiwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, kwa hiyo hakukuwa na mjadala: mama akaenda kwa Chapuchapu, kwenye nyumba ya chini yenye jiko pana na dirisha la kuangalia mtaani. Alifurahi mno. Alikwenda na sufuria zake mwenyewe akiwa amezifunga kwenye shuka, akisema sasa mwanawe atakula chakula cha mtu.

Hakupika sana. Siku moja alisahau birika motoni akasinzia, birika likaungua, jiko likajaa moshi. Basi. Mtu mwingine angempa mama kiti aketi karibu na moto. Chapuchapu akauza mtungi wa gesi, akazitia sufuria za mama chini ya kitanda, na jikoni pakabaki chungu kile kimoja. Mfuniko wake unafungwa na kufunguliwa kwa simu. Programu ina kitufe cha kuwazuia watoto wadogo wasijiunguze, na mdogo wangu akakiwasha kwa ajili ya mwanamke aliyemnyonyesha. Juu ya rafu akaweka na kamera ndogo, iliyokuja pamoja na chungu, ikitazama pale chakula kinapopakuliwa. Alimwambia mama asiwe na wasiwasi, kila saa atakuwa anamwona.

Mama alilipenda sana neno hilo. Alinisimulia kwa fahari kwamba mwanawe yuko kazini lakini anamwona. Nikasema moyoni kwamba macho hayana pazia; kwa sauti ningeonekana nina wivu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi Chapuchapu anatia ndani ya chungu maharage na nyama, au mchele na viazi, anamwaga maji, anafunga mfuniko, anaondoka. Mchana, akiwa dukani, anabonyeza simu na chungu kinaanza. Kikiiva, anabonyeza tena, mfuniko unafunguka, mama anapakua. Programu ikiona umeme umeokolewa, inampa jani la kijani kwenye simu. Alikuwa na majani mengi na alipenda kunionyesha. Nilimuuliza hayo majani yanaliwa na nani. Akasema mimi nimeachwa nyuma na dunia.

Basi mama akaanza kwisha. Sijui niseme vipi. Kila nilipomkumbatia, nilikuta mfupa ambao mara iliyopita haukuwepo. Daktari alisema anatapika dawa zake za presha kabla hazijafanya kazi, na akiendelea hivyo atalazwa, na kwa umri wake hataki kumlaza. Alimuuliza anakula nini. Mama akajibu kwamba anakula vizuri sana, mwanawe anampikia.

Mimi ndiye ninayemfulia nguo. Kila wiki mfuko wake unakuja, na kila wiki nilikutana na harufu ileile kwenye mikono ya magauni na kwenye leso zake: uchachu. Haukuwa uchachu wa maziwa ya mtoto, wala wa mlevi, hizo nazijua. Ulikuwa ni uchachu wa chakula kilichovunda kikaingia tumboni kikatoka. Nililoweka nguo zile peke yake, nikafunika ndoo, nikatoka nje kupumua. Mtu hujizoesha matapishi ya wateja, lakini ya mama yako yanakunusisha kifo.

Nikaenda kumuuliza Chapuchapu. Akatoa simu. Akanionyesha siku zote za wiki, kila siku na alama yake: kimepikwa, kimefunguliwa, kimepakuliwa. Ushahidi huo hapo, akasema, mama anakula kuliko mimi na wewe, huo ni uzee tu. Nikaenda Jumapili kukionja chakula chenyewe. Jumapili yeye yupo nyumbani, anabonyeza mara moja na chungu kinapika mpaka mwisho. Maharage yalikuwa laini, nyama tamu, sina la kusema. Nikaondoka nikiwa nimeanza kuamini kwamba tatizo ni pua yangu.

Kisha pasi kubwa ya kazini ikaungua waya. Bosi akanituma alasiri nikanunue nyingine, na duka la karibu ni lile la mdogo wangu.

Nilipoingia, watu walikuwa wamejazana mbele ya meza yake. Ukutani nyuma yake pana televisheni pana kama mlango, na kwenye televisheni hiyo palikuwa na jiko. Nilidhani ni tangazo. Jiko safi, dirisha, chungu kinachong'aa, na bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nikamwonea huruma yule bibi jinsi alivyokonda. Halafu nikaliona gauni. Lilikuwa gauni la kijani lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, na kifungo kile nilikishona mimi.

Watu walikuwa wanamtazama mama yangu huku wanatafuna mayai.

Chapuchapu hakuniona. Alikuwa anawaeleza wateja, kwa sauti ile ya dukani isiyo yake, kwamba hapa aliposimama anapika nyumbani kwake kwa kidole kimoja. Akabonyeza. Taa ya chungu kule jikoni ikawaka, watu wakaguna kwa kupendezwa. Mama naye akakaa wima. Chapuchapu akabonyeza tena, taa ikazima, akawaonyesha jinsi umeme unavyookolewa kwa kuacha joto limalizie kazi, na jani likaonekana pembeni ya televisheni. Kundi lile likaondoka, likaja jingine. Akabonyeza, taa ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Nikasimama pembeni kwenye mafeni nikatazama makundi yakija na kuondoka, na chakula cha mama yangu kikitiwa moto kidogo na kunyang'anywa, kikitiwa na kunyang'anywa, kwenye chungu kilichofungwa tangu asubuhi, siku ya joto kama ile. Sikuhitaji mtu kunieleza. Nguo mbichi ukizifungia kwenye mfuko, zikapata joto bila kukauka, nini kinatokea? Zinanuka. Na nyama je?

Nikakumbuka alama zake za wiki nzima, kimepikwa, kimefunguliwa, kimepakuliwa. Sahani zile zile za utotoni, zimeoshwa upande unaoonekana.

Saa za watu kutoka kazini zikakaribia, na wateja wakawa wengi. Hapo ndipo Chapuchapu akatangaza kwamba sasa anamfungulia mama yake mpenzi chakula. Akainua simu juu kabisa, akabonyeza. Mfuniko ukainuka. Mama akasogeza kiti, akachota, akaweka kwenye sahani. Nikaona uso wake ulivyorudi nyuma. Ni kidogo tu, asiyemjua asingeona. Alifumba macho, akageukia dirishani akavuta hewa, halafu akainua uso kuelekea kamera, akatabasamu, akanyanyua kijiko juu ili kionekane, akala. Midomo yake ikawa inacheza. Anaongea.

Wateja wakacheka kwa upole. Mama mmoja aliyeshika mkoba akasema bibi anafurahia chakula chake.

Nikapenya mpaka mezani. Chapuchapu aliponiona akatabasamu na kunikaribisha yai. Alikuwa na jingine mdomoni.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Akanong'ona kwamba sauti huwa ameizima, mama huongea mno, inasumbua wateja. Akaniomba nikae pembeni kidogo, bado anamalizia.

"Washa."

"Dada, niko kazini."

"Washa sauti, au nimwage meza hii na mayai yake."

Ananijua. Tulipokuwa wadogo niliwahi kumwaga meza. Akabonyeza, na sauti ya mama yangu ikalijaza lile duka, tulivu, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala chumba cha pili.

"...nakula, baba, si unaona? Leo kimechacha kuliko jana, lakini nakula. Nitakimaliza. Sitaki kazini kwako wakuambie mama yako amekataa chakula chako." Akameza kwa shida, akajipangusa mdomo kwa leso. Kisha akaangalia juu tena. "Na wewe je, umeshakula?"

Watu wote wakamgeukia Chapuchapu, aliyekuwa amesimama na kofia yake ndefu, shavu moja limevimba yai. Hakujua amalize kutafuna au ateme. Mwishowe akameza. Nililiona lile yai likishuka kooni, na kwa kweli katika maisha yangu ya kufua nguo za watu sijawahi kuona kitu kilichonitia kichefuchefu kama kile.

Nikadhani angalau kitu fulani kitatokea. Kilichotokea ni kwamba yule mama wa mkoba alikohoa, akauliza kama chungu kinauzwa pamoja na hiyo kamera ya sauti, maana naye ana mama mkwe. Na mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, akafungua mdomo akasema ndiyo, mheshimiwa, vinakuja pamoja.

Niliondoka bila pasi.

Kule nyumbani mama alishangaa kuniona siku ya kazi. Alikuwa ameinamia beseni. Nikamshika kichwa mpaka alipomaliza, nikamnawisha uso, nikamketisha kitandani. Kisha nikaenda kwenye chungu. Mfuniko ulikuwa bado wazi. Juu palikuwa na povu la kijivu linalopasuka polepole, na chini ya povu nyama ilikuwa nyekundu katikati, inanata. Pembeni, pale mfuniko unapokalia, pamejengeka ukoko wa siku nyingi ambao hakuna kitambaa kilichowahi kuufikia. Kwa nje, chungu kinang'aa, unaweza kujitazamia kufunga kilemba. Nilikichomoa kwenye umeme, nikakibeba nje na kila kilichomo, nikakiacha penye pipa la taka. Hata nzi walifika kwa kusita.

Kamera niliifunika kwa leso ya mama, ileile aliyojipangusia mdomo.

Nilipomfikisha mama kwangu, wenzangu wawili wa kazini walikuja na kiti. Wakamketisha mama, wakamnyanyua na kiti chake, wakampandisha ile ngazi ya chuma huku yeye akiwaambia taratibu, wasije wakaumia kwa ajili ya mzigo wa mifupa. Nikampikia uji mwepesi kwenye jiko langu la plagi, jiko lisilojua lolote zaidi ya kuwaka na kuzima. Nilisimama pale nikakoroga mpaka ukaiva. Ulimchukua muda kuukubali, kisha ukakaa.

Chapuchapu alikuja akiwa bado na aproni. Alipiga magoti mbele ya mama, akalia. Nisimsingizie, alilia kweli, machozi yalikuwepo, lakini hata kilio alikilia kama jina lake: kabla sijamaliza kufuta meza alikuwa ameshakwisha na anatafuta leso. Akasema hakujua. Akasema simu ilionyesha kila kitu kiko sawa. Mama akampapasa kichwa, akamwambia kosa ni lake yeye mama, angesema.

"Ulikuwa unasema, Mama," nikamwambia. "Kila siku ulikuwa unamwambia."

Mama akamtazama Chapuchapu, akasubiri. Nadhani alitaka kusikia kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Chapuchapu akaangalia sakafu. Na simu yake, mfukoni mwa aproni, ikalia mlio mdogo wa kumkumbusha kwamba chungu hakionekani.

Sasa mama anaishi kwangu, juu, na hateremki. Ameanza kurudisha nyama mwilini, dawa zinakaa, daktari ameacha habari za kumlaza. Chapuchapu huja Jumapili. Kazi anayo, wanasema anauza vizuri, na ile televisheni siku hizi inaonyesha jiko lisilo na mtu. Mimi humpakulia kama mgeni mwingine yeyote na sahani yake huiosha mara mbili.

Ila kuna jambo moja ambalo sijaweza kulifua. Kila mama akiketi kula, kijiko cha kwanza hakiingii mdomoni moja kwa moja. Hukinyanyua juu, akaielekea pembe ya dari, akatabasamu, ndipo anakula. Nimemwambia kwamba pale hapana kitu, ni ukuta tu na utando wa buibui. Anasema anajua. Nikapanda hata juu ya kiti, nikaufagia ule utando mbele yake, nikapapasa ukuta kwa kiganja ili aone. Akanishukuru, akachukua kijiko chake, na akakinyanyua.